Hatukulegeza Nyuzi

Binti yangu anasema mwanamke wa miaka sitini na moja akipiga kelele hadharani, basi kuna moto au kuna mwizi. Aliyasema hayo jikoni kwangu, mtaa wa Nguvumali, Tanga mjini, huku akimenya viazi vyangu kwa kisu changu. Nikamjibu kwamba moto ulikuwepo na mwizi alikuwepo, ila yeye alikuwa hajazaliwa. Akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Kwa hiyo ni kweli, mama? Unapanda jukwaani?"

"Ni kweli."

"Na lile gitaa?"

"Na lile gitaa."

Akarudia viazi. Yeye ni mwalimu wa sekondari, wanafunzi wake wanakaa mtaa huu huu, na nilijua anachokiogopa. Sikumwonea huruma. Nimemlea kwa cherehani, nikishona sare za shule za nusu ya mji huu, na miaka yote hiyo sikumwaibisha hata siku moja. Niliona nimeweka akiba ya heshima ya kutosha, naweza kuitumia kidogo.

Bendi yetu ilikuwa ya watu watatu. Nilizaliwa kwenye kambi ya shamba la mkonge, upande wa Muheza. Baba alikuja huko akiwa manamba kutoka Songea, akakata mkonge mpaka mgongo ukakataa. Shamba lilikuwa na klabu ya wafanyakazi, na klabu ilikuwa na vyombo vya muziki: magitaa mawili, drams, na amplifaya mbili zilizowaka zikitaka zenyewe. Bendi ya watu wazima ilipokimbilia mjini, vyombo vikafungiwa stoo. Tukaomba ufunguo sisi vijana watatu. Mimi nilishika besi na kuimba. Gitaa la solo alilishika mtoto wa fundi seremala, Msambaa wa Kilutheri aliyepiga nyuzi kama anapasua mbao. Kwenye drams alikaa Mdigo mmoja kutoka upande wa Horohoro, kibarua wa mashine ya kusindika mkonge. Mashine hiyo tuliiita korona, zamani sana kabla jina hilo halijapewa ugonjwa.

Sasa nieleze jambo ambalo wanamuziki wakilisikia hushika vichwa. Hatukuwa na kinanda, wala mtu wa kutufundisha kupatanisha nyuzi. Tulikuwa na king'ora. Kiwanda cha shamba kilipiga king'ora alfajiri, saa saba mchana na saa kumi, na hicho cha saa saba ndicho tulichokitumia. Mpiga gitaa alikaa mlangoni mwa klabu, king'ora kikilia anakaza uzi mpaka sauti mbili ziwe moja, nami nafuata. Tulidhani kila bendi duniani ina kiwanda chake.

Siku tulipokwenda Tanga mjini kupiga pamoja na bendi yenye kinanda, watu waliziba masikio. Kumbe king'ora chetu kilikuwa juu ya sauti za wenzetu wote, tena kwa kipande tu, mahali ambapo kinanda hakina kitufe. Mpiga kinanda alituuliza kwa upole tumetoka wapi. Tungeweza kujirekebisha tangu siku ile. Tulirudi shambani tukaendelea kukaza nyuzi kwa king'ora, kwa sababu tulikuwa na miaka ishirini na yule bwana alikuwa amevaa tai.

Pale misheni kulikuwa na padri kijana wa Kizungu mwenye mashine ya kurekodi. Alitusikiliza mchana mmoja, akatuambia kwao muziki wa namna hiyo, wa mbio, nyimbo fupi na kelele nyingi, unaitwa panki. Sisi tulijua panki ni mtindo wa kunyoa, pembeni upara na katikati mstari. Kesho yake tulinyoa wote watatu. Mama alinikuta bombani na kichwa kile, akatua ndoo, akajishika kiuno, wala hakusema nami mpaka jioni. Nguo zetu zilizochanika tulizishona kwa nyuzi za katani, makusudi zionekane.

Wimbo wetu mmoja ndio uliotuponza. Baba alichomwa jicho na mwiba wa mkonge akiwa kazini. Zahanati ya shamba ikamfunga kitambaa, na baada ya siku mbili nyapara akamgongea mlango arudi kukata. Jicho likaoza, likatolewa. Shamba halikusema pole. Nikatunga beti mbili, nauliza jicho la baba liko wapi, na kiitikio chake kilikuwa neno moja tu, "Lileteni", nalipiga juu kabisa, palepale penye sauti ya king'ora. Padri aliurekodi katika ukumbi wa parokia. Wiki chache baadaye meneja alikisikia kiitikio akiwa barazani kwake, na hapo akakumbuka kwamba magitaa ni ya shamba, umeme ni wa shamba, na sisi tunalitukana shamba kwa vyote viwili. Alikuwa na haki yake kwenye hilo, nakubali. Vyombo vikachukuliwa, bendi ikafa.

Mdigo alirudi kwao, ana mgahawa mdogo pale mpakani Horohoro. Msambaa alikwenda Mwera, Pangani, anatengeneza milango na kufundisha kwaya. Mimi nikaja mjini na cherehani. Baba alikufa muda mrefu baadaye, mzee sana, na wiki ya matanga nilichukua karatasi ninayokatia ruwaza za sare, nikaandika ubeti wa tatu. Sikumwonyesha mtu. Niliukunja, nikauweka ndani ya droo ya cherehani pamoja na vifungo.

Kisha kaseti ya padri ikaibuka. Mtu aliikuta misheni kwenye sanduku la vitabu, akaiingiza kwenye simu, simu zikaambukizana, na mchana mmoja nikasikia sauti yangu ya miaka ishirini ikitoka kwenye kibanda cha muuza chipsi. Nilisimama na mfuko wangu wa nyanya. Muuza chipsi akaniambia, "Mama, huyu binti alikuwa na kifua." Nikamwambia bado anacho.

Haukupita mwezi akaja kijana mmoja mwandaaji wa matamasha, amevaa vizuri, mwenye adabu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alikuwa anaandaa tamasha la muziki wa zamani, Jumapili mchana, na alikuwa amewapata wenzangu wawili kabla yangu. Nilikubali kabla hajamaliza chai. Nilijua ninachokitaka. Nilitaka kuuimba ubeti wa tatu mbele za watu, kwa mdomo wangu, mara moja walau, kabla sijafa. Mengine yote, picha, makofi, waandishi, sikuyahitaji.

Tulifanya mazoezi kwenye chumba changu cha kushonea. Wenzangu waliingia, tukatazamana. Mdigo ana ndevu nyeupe na kibarakashia, Msambaa amebaki na meno ya kuhesabu.

"Bibie, umezeeka," Mdigo akasema.

"Na wewe je, umechelewa kufika?"

"Ng'ombe hazeeki maini," akasema, akakaa kwenye drams za kuazima.

Msambaa alikuwa amepakua kwenye simu yake kitu cha kupatanishia nyuzi. Unapiga uzi, simu inakuonyesha kijani ukipatia. Tukapatanisha kwa simu, tukapiga wimbo wa jicho. Ulitoka safi. Nilifika juu kwenye "Lileteni" bila taabu, Msambaa akatabasamu, na mimi nikavua gitaa nikaliweka mezani.

"Nini tena?" akauliza.

"Hii ni kwaya."

"Dada, imepatana. Kwa mara ya kwanza tumepatana na dunia."

"Ndiyo maana imekuwa ombi. Sikiliza vizuri, tunawaomba watuletee jicho. Lini tuliwaomba?"

Msambaa akaeleza, kwa ule uvumilivu wake wa kanisani, kwamba king'ora hakipo tena, kiwanda kimebaki kuta, na hata kikiwepo sauti yangu si ile. Mdigo akamkatiza. "Yakhe, wewe huikumbuki ile sauti?" Akafumba macho akaitoa kwa pua, mmmm. Msambaa naye akaitoa, nikaitoa. Ilikuwa ile ile. Kitu kilichokuamsha kila alfajiri kwa miaka yote ya ujana wako hakikutoki. Tukailinganisha na kaseti, tukaikuta haijapotea hata unywele. Basi Msambaa akazima simu yake, akakaza nyuzi. Mbili zilikatika.

Tulipiga tena, na nilipofika kwenye neno langu sauti ikapasuka. Ilitoka hewa na mkwaruzo. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya kumi hivyo hivyo. Wote wawili wakaangalia chini, na Msambaa akasema taratibu kwamba kulegeza kidogo tu si dhambi, hakuna atakayejua. Nilikasirika kwa sababu alisema kwa huruma. Nikawaambia siku nitakayotaka huruma nitakwenda kwa mganga wa kienyeji, hapa nataka nyuzi zikazwe. Mdigo akagonga vijiti vyake, moja, mbili, tatu, tukaanza upya.

Yule kijana mwandaaji alikuja kutusikiliza siku tatu kabla ya tamasha. Alikaa kwenye benchi la wateja, akatikisa kichwa kwa heshima, na mwisho akaomba kusema nami pembeni.

"Mama, usinielewe vibaya. Ile sauti ya kwenye kaseti ndiyo watu wanayoijua. Nimeisafisha, nimeiweka kwenye flashi. Nyie mtapiga vyombo kidogokidogo, wewe utachezesha midomo tu. Siku hizi wote wanafanya hivyo, hata vijana."

"Pleibeki."

"Ndiyo, mama. Usijichoshe."

"Kwenye kaseti kuna beti mbili. Wimbo una tatu."

"Mbili zinatosha, mama. Ndizo wanazozijua."

Nikamwambia sichezeshi midomo. Ninaimba au siendi. Akasema sawa mama, kama unavyotaka, kwa haraka mno, na mtu akinikubalia haraka hivyo mimi hushika mkoba wangu. Jioni hiyo binti yangu akaja. Kumbe kijana alikuwa amempigia simu.

"Mama, waache waweke ile nzuri. Ina ubaya gani? Ni sauti yako mwenyewe."

"Ni ya mtu mwingine. Yule binti hajui kitu. Anaimba lileteni, lileteni, na kweli anadhani wataleta."

Hakuelewa. Ningeweza kufungua droo nimwonyeshe ile karatasi, lakini nilikuwa nimekasirika, na nikikasirika ninakuwa bahili wa maneno. Akaondoka bila kunywa chai. Usiniulize kama nililala.

Jumapili tulipanda jukwaani baada ya swala ya alasiri, jua bado kali, uwanja wa shule umejaa viti vya plastiki. Wengi walikuwa vijana, maana wazee wa muziki wetu wengi wako makaburini au wanaona aibu. Binti yangu nilimwona, kakaa mstari wa nne, mtandio kauvuta mpaka karibu na nyusi. Magitaa yetu tuliyaunganisha kwenye amplifaya zetu pale pale jukwaani, drams hazikuhitaji kitu. Maiki yangu peke yake ndiyo ilipita kwenye mashine ya kuchanganyia sauti ya yule kijana, naye alikaa nayo chini ya turubai mwisho wa uwanja.

Nyimbo tatu za kwanza zilikwenda vizuri. Tulipiga kwa kasi, watu wakainuka kwenye viti. Msambaa alisahau kwamba ni mwalimu wa kwaya. Kisha nikasema kwenye maiki, "Huu ni wa baba," Mdigo akagonga vijiti, tukaingia kwenye wimbo wa jicho.

Nikafungua mdomo, na kwenye spika kubwa akatoka yule binti.

Maiki ilikuwa imezimwa. Naigonga, imekufa. Sauti ya kaseti ilijaza uwanja, nyororo, ya juu, imesafishwa, watu wakashangilia kwa sababu ndiyo waliyoijua. Kwa nusu dakika nilisimama nimefumba mdomo kama niliyefiwa. Niliona aibu, na aibu yenyewe haikuwa ya sauti mbaya, ilikuwa ya kudhulumiwa mchana kweupe mbele ya mtoto wangu. Kisha hasira ikaja, na kwangu hasira ni dawa. Nikasogea mbele mpaka ukingo wa jukwaa, nikaacha maiki nyuma, nikaanza kuimba kwa koo tupu.

Kama tungepatanisha nyuzi kwa simu, hapo tungeumbuka. Lakini tulikuwa kwenye king'ora, na yule binti alikuwa kwenye king'ora, kwa hiyo magitaa yetu yalishikamana naye barabara, watu hawakujua kipi ni kipi. Waliokaa mbele tu ndio walionisikia, na wakaanza kuangalia mdomo wangu, halafu spika, halafu mdomo wangu.

Mdigo alielewa kabla yangu. Alinitazama juu ya matoazi, akainamisha kichwa, akakaza mwendo.

Miaka yote ile tulisemwa kwamba Mdigo hajui kushika kasi, wimbo ukianza taratibu anaumalizia mbio. Siku hiyo aliufanya ubovu wake kuwa kazi. Alikimbia, Msambaa akamfuata, nami nikawafuata wote wawili, maneno yakitoka kwa kusukumana. Binti wa kaseti akabaki nyuma. Mwanzo kwa neno moja, kisha kwa mstari. Sisi tuko kwenye kiitikio, yeye bado anauliza jicho liko wapi. Sasa kila mtu alisikia sauti mbili, na ya spika ikawa ndiyo inayokosea. Kelele ilikuwa mbaya sana, na nakiri niliifurahia. Watu wakaanza kugeuka kuangalia turubai. Mama mmoja akasimama kwenye kiti akaelekeza kidole kule nyuma. "Zima hiyo," akasema, wala hakupaza sauti, na wengine wakaichukua, zima, zima.

Kijana akazima. Maiki hakuiwasha. Sijui kama ni kwa woga au kwa ukaidi, sijamuuliza mpaka leo, na nikikutana naye mjini ananiamkia, naitikia.

Tulikuwa tumemaliza ubeti wa pili. Uwanja mzima ulikuwa na amplifaya mbili ndogo, drams, na mimi bila maiki. Mdigo akaona kwamba wakiendelea sitasikika zaidi ya mstari wa tatu. Akainua vijiti vyake juu akaviacha hapo. Msambaa akaweka kiganja kwenye nyuzi. Nami nikaacha besi.

Binti yangu alikuwa amesimama. Mtandio ulikuwa umemwangukia mabegani, na alikuwa ananiangalia kama mtu anayesubiri kuambiwa habari za kwao. Hakuna mtu uwanjani aliyejua kwamba wimbo una ubeti mwingine. Wenzangu nilikuwa nimewaambia tu kwamba upo, hawakujua maneno yake. Koo lilikuwa linawaka. Nikauimba.

*Tumemzika baba na jicho moja,*
*udongo haukuuliza la pili liko wapi.*
*Nimebaki mimi wa kuuliza,*
*na sijachoka.*

Sauti ilipasuka kwenye mstari wa pili, palepale nilipojua itapasuka. Nikarudi mwanzo wa ubeti. Ikapasuka tena mahali pale pale, na safari hii sikuikwepa, niliiacha ipasuke mpaka neno la mwisho.